Anayedaiwa na Marehemu Ajitokeze

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Katika pwani yetu, tangu Dar es Salaam kupanda Bagamoyo, Saadani na Pangani hata Tanga, ni nadra kuyaona maziko ya Mwislamu yasiyokuwa na tangazo moja. Jeneza likiwa mbele ya watu, husimama mmoja katika jamaa za maiti akasema kwa sauti: mwenye kumdai marehemu na awaone warithi, na mwenye kudaiwa na marehemu, naye pia na awaone warithi. Maneno haya ni mafupi, na tumeyazoea hata yatupita masikioni kama upepo. Lakini yafaa yatazamwe. Nusu ya kwanza ya tangazo hupata wasikivu: mwenye duka hulikumbuka daftari lake, na jirani huzikumbuka fedha alizokopesha. Nusu ya pili aghalabu hupita kimya. Watu hutazama chini, jeneza likainuliwa, na neno likaishia hapo.

Mwezi huu twapenda kuizungumza nusu hiyo ya pili, na twapenda kuizungumza kwa habari ya watu ambao maziko yao hujaza barabara, nao ni waimbaji na waigizaji. Katika muda wa miaka 23, tangu 1995 hadi 2018, walifia katika mji mmoja wa Dar es Salaam watumbuizaji wanne ambao majina yao yalikuwa yakitajwa katika kila nyumba ya pwani. Kila mmoja alikuwa na njia yake, wala hawakuwa wa kazi moja. Lakini tukiyatazama maisha yao kwa pamoja, twaona ya kuwa swali moja lawahusu wote: ni nani aliyekuwa akidaiwa na marehemu huyu?

Kabla ya kuendelea, twajua kuwa yupo msomaji atakayeuliza: je, gazeti la dini lina shughuli gani na waimbaji? Twamjibu ya kuwa hatukuketi hapa kutoa fatwa juu ya muziki. Wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani, na hadithi ya vijana wawili wa kike waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi yajulikana na wote wasomao. Mwenye kutaka hukumu na aende kwa shekhe wake. Sisi twazungumza jambo jingine, nalo ni haki ya mtu aliyefanya kazi, na wengine wakaifaidi kazi hiyo. Na juu ya haki ya kibarua wanazuoni hawakuhitilafiana.

Wa kwanza ni Marijani Rajab. Alizaliwa Kariakoo, Dar es Salaam, mwaka 1955, na akaanza kuimba katika bendi angali kijana mdogo. Aliimba katika STC Jazz, kisha Safari Trippers, kisha Dar International, na watu wakampa lakabu ya Jabali la Muziki. Nyimbo alizozitunga, kama Zuwena na Mwanameka, zilikuwa visa vyenye mafunzo, nazo zilisikika mijini na vijijini. Sauti yake ilijulikana hata na watu wasiopata kumwona kwa macho. Basi mtu angedhani ya kuwa mwenye sauti iliyoingia katika nyumba nyingi namna ile hakosi nyumba nzuri ya kukaa yeye na wanawe. Haikuwa hivyo. Miaka yake ya mwisho alikuwa akijitafutia riziki kwa kibanda cha kuuzia kaseti. Alifariki Dar es Salaam mwezi wa Machi 1995, akiwa na umri wa miaka 40, hana mali ya kulingana na jina lake.

Wa pili ni Muhidin Maalim Gurumo. Huyu alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Masaki, Kisarawe. Alianza kuimba mwaka 1960, nchi yetu haijapata uhuru, na mwaka 1964 alikuwa miongoni mwa walioianzisha bendi ya NUTA, iliyokuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Bendi hiyo ilibadili majina kila chama kilipobadili jina, ikaitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, na mwisho watu wakaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Katikati ya safari hiyo Gurumo alikuwa katika Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, kisha Orchestra Safari Sound, kisha akarudi nyumbani kwake Msondo. Mwaka 2013 alitangaza kustaafu, baada ya miaka 53 ya kuimba.

Hapo ndipo ilipoenea habari iliyowachoma watu wengi: ya kuwa mzee huyu, kwa miaka yote ile, hakupata kununua hata baiskeli. Kijana mmoja mwimbaji wa zama hizi, Naseeb Abdul ajulikanaye kwa jina la Diamond Platnumz, alipoisikia akampa gari mwaka huo huo. Kitendo hicho ni cha kusifiwa, kwani kijana kumkumbuka mzee wa kazi yake ni adabu njema. Lakini na tukitazame vizuri. Aliyetoa gari hakuwa ndiye mdaiwa. Yeye alitoa hiba kwa hiari yake. Wadaiwa walikuwa wengine, nao waliisoma habari hiyo gazetini wakasema “maskini!” na wakageuza ukurasa. Gurumo alifariki katika hospitali ya Muhimbili tarehe 13 Aprili 2014, hata mwaka haukutimia tangu kustaafu kwake, na akazikwa kijijini kwao Masaki.

Wa tatu ni Bibi Shakila Said, binti wa Pangani, pwani yetu hii ya kaskazini. Alikuwa mwimbaji wa taarabu, na jina lake lilitokea Tanga katika kikundi cha Black Star, kisha Lucky Star, wakati Tanga ilipokuwa ikiivuma taarabu mpya yenye magitaa. Santuri zao zilivuka mpaka zikasikilizwa Mombasa na kwingineko. Baadaye alikwenda Dar es Salaam akaimba na taarabu ya Jeshi la Kujenga Taifa. Wimbo wake wa Macho Yanacheka waujua akina mama waliozaliwa miaka mingi baada ya yeye kuuimba. Kwa umri wa nusu karne hapakuwa na harusi ya mwambao ambayo sauti yake ilikuwa ngeni. Alifariki Mbagala, Dar es Salaam, tarehe 19 Agosti 2016.

Wa nne ni Amri Athumani, mwana wa Tanga, aliyejulikana na wakubwa na watoto kwa jina la King Majuto. Alizaliwa mwaka 1948, na alianza kuigiza angali mtoto wa miaka kumi hivi, mwaka 1958. Alicheza michezo ya jukwaani, na ulipokuja wakati wa filamu za kanda na za sahani, akawa ndiye mchekeshaji wa nyumba zote. Tena picha yake ikatumiwa katika matangazo ya biashara. Alipougua mwaka 2018 na kulazwa, watu waliuliza: je, mtu wa kazi nyingi namna hii hana akiba ya kujitibia? Ikadhihirika ya kuwa katika mikataba yake imo iliyompunja. Waziri wa Habari wa wakati ule, Dokta Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuitazama mikataba ya wasanii, na ya Majuto ikiwa miongoni. Majuto alipelekwa India kwa matibabu, akarudi, na akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Maiti yake ilisafirishwa kwenda Tanga, na umati uliokwenda kumzika ulikuwa mkubwa mno.

Hao ndio wanne. Wengine huwa wepesi wa kusema ya kuwa watu hawa walipewa wakapoteza. Ya kuwa mwimbaji hupata kwa mkono huu akatumia kwa mkono huu. Neno hili halifai kusemwa juu ya maiti, kwani Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kuwatukana waliokufa, akatufahamisha ya kuwa wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza. Zaidi ya hayo, neno lenyewe halijibu swali. Fundi akikujengea nyumba, huna ruhusa ya kumnyima ujira wake kwa hoja kwamba ataupoteza. Akiupoteza atahesabiwa yeye. Usipomlipa utahesabiwa wewe.

Na tuieleze namna deni hili lilivyojikusanya, kwa maana vijana wa leo huenda hawaijui. Zamani bendi nyingi hazikuwa mali ya wapigaji. Vyombo vilikuwa vya chama, au vya shirika, au vya tajiri mmoja. Na mwimbaji alikuwa mwajiriwa. Katika jambo hili palikuwa na kheri, kwani mshahara wa mwezi ni bora kuliko kubahatisha. Lakini mshahara ulikuwa ni kwa kuimba ukumbini usiku ule. Wimbo wenyewe ukienda redioni ulianza maisha mengine. Kwa miaka mingi Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa mahali pakubwa pa kurekodia, na ndiyo redio peke yake iliyosikika bara zima, mpaka zilipoanza redio za watu binafsi katika miaka ya 1990. Wimbo uliorekodiwa siku moja uliweza kupigwa miaka thelathini. Kiwanda cha kuchapa santuri hapakuwa nacho nchini, hata kanda zikapelekwa Nairobi, na hesabu za huko mwimbaji wa Kariakoo angezijuaje?

Kisha ikaja kaseti. Pakafunguliwa vibanda vya kunakili, ukapeleka kaseti tupu ukarudishiwa imejaa nyimbo, na fedha ikabaki kwa mwenye mashine. Baada ya kaseti zikaja sahani, nazo zikanakiliwa vivyo hivyo. Na filamu za King Majuto ziliuzwa barabarani kwa nakala ambazo yeye mwenyewe hakuzijua. Leo ni simu. Wimbo huruka kutoka mkono hadi mkono hata hapana anayeuliza una mwenyewe. Katika kila hatua hizo msikilizaji alifurahi, mwenye mashine alipata, na mwenye sauti alibaki na sifa. Na sifa, wasomaji wetu, haipeleki mtu sokoni.

Sasa na tuirejee dini yetu. Mafunzo ya jambo hili ni wazi, nasi tutataja matatu.

La kwanza ni uzito wa deni lenyewe. Imepokewa ya kuwa Mtume (S.A.W.) aliletewa maiti amsalie, akauliza kama marehemu anadaiwa. Alipoambiwa ya kuwa anadaiwa dinari tatu, aliwaambia masahaba wamsalie wao. Abu Qatada (R.A.) akasimama akalichukua deni lile juu ya shingo yake, ndipo Mtume akamsalia. Dinari tatu tu zilimzuia Mtume wa Mwenyezi Mungu! Basi ikiwa deni alilokufa nalo mtu lina uzito huo, je, deni tunalobaki nalo sisi tulio hai, ilhali mwenye haki amekwisha kufukiwa, tulifanye jepesi?

La pili ni haki ya kibarua. Mtume (S.A.W.) alituamrisha tumpe mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Tena yamo katika hadithi sahihi maonyo makubwa zaidi: ya kuwa Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, wala asimpe ujira wake. Hapo haikutajwa kazi ya shamba peke yake, wala kazi ya kujenga.

La tatu ni kuandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Wanafunzi wetu chuoni huihifadhi aya hiyo kwa taabu kwa ajili ya urefu wake, na mara nyingi huuliza kwa nini jambo la deni likapewa aya ndefu namna ile. Jibu lake ni maisha ya hawa tuliowataja. Mtu hufanya kazi kwa maneno ya mdomo, kwa kuaminiana na kucheka, na siku ya mambo kuharibika hapana karatasi, wala shahidi, wala kumbukumbu. Au karatasi ipo, lakini imeandikwa na upande mmoja, na huyu mwingine aliitia sahihi pasi na kusomewa. Aya ile imemtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, na imemhifadhi hata yule asiyeweza kuisimamia hati yake mwenyewe, kwa kumwekea walii wa kuisimamia. Laiti tungeifuata, mikataba ya kupunja isingepata pa kukaa.

Serikali nayo ina sheria yake. Ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo kwayo iliundwa COSOTA ya kusimamia haki za watunzi. Sheria hiyo yasema ya kuwa haki ya mtunzi hudumu muda wa uhai wake, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Na tuhesabu. Kwa nyimbo alizozitunga Marijani Rajab, muda huo haufiki kabla ya mwaka 2045. Na kwa alizozitunga Gurumo, haufiki kabla ya mwaka 2064. Maana yake ni kwamba mtoto anayezaliwa leo atakuwa mtu mzima, na haki hiyo ingali hai. Basi tangazo la makaburini, la kwamba mdaiwa na awaone warithi, si ada tu. Lakubaliana na sheria ya nchi kama lilivyokubaliana na sheria ya Mwenyezi Mungu.

Huenda mtu akatuambia: “Mimi kwangu nyimbo ni haramu, basi ni haramu kuzilipia.” Twamwambia: ikiwa hivyo ndivyo uaminivyo, usizisikilize, wala usizipige dukani kwako kuvutia wateja, wala usiziweke katika harusi ya bintiyo, nawe hudaiwi kitu. Lakini haifai mtu ashike hukumu ya uharamu mlangoni pa kulipa, na aiache mlangoni pa kufurahi. Mwenye kusikiliza amekwisha kuagiza kazi. Mwenye kuagiza kazi na alipe.

Na mwingine atasema: “Fulani hakuwa mtu wa dini yetu.” Huyu na akumbuke usiku wa Hijra. Makureshi walikuwa wakimwinda Mtume (S.A.W.) wamuue, na katika nyumba yake mlikuwamo amana za watu wa Makka. Hakuondoka nazo, wala hakusema ya kuwa wenyewe ni maadui. Alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma azirudishe kwa wenyewe. Haki ya mtu haiulizi dini yake.

Twasema haya tukiwa Bagamoyo, mji ambao jambo hili limo katika mitaa yake. Hapa pwani, tangu mwaka 1981, pana Chuo cha Sanaa, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Vijana hutoka kila upande wa nchi kuja kujifunza ngoma, muziki na maigizo. Na hapa ndipo alipofariki, tarehe 30 Desemba 2003, Hukwe Zawose, mtu wa Ugogo, fundi mkubwa wa zeze na marimba ya kidole, ambaye Mwalimu Nyerere alimwita pwani, na ambaye baadaye sauti yake ilisikilizwa Ulaya, santuri zake zikitolewa Uingereza. Alipokufa, nyumba yake haikunyamaza. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wameishika kazi ile, na mwaka 2024 walitoa sahani yao kwa jina lao wenyewe, Zawose Queens. Twalitaja hili kwa sababu moja: mrithi aliyejulikana kwa jina, na kazi iliyoandikwa kwa jina la mwenyewe, huwa na pa kusimama akiidai haki yake. Mrithi wa mtu ambaye kazi yake imetapanywa bila jina, na aende kwa nani?

Wazazi wengi wa mji huu na wa vijiji vya karibu hutuletea shauri: mtoto wangu ana sauti, au ana mzaha unaowachekesha watu, naye ataka kuifuata kazi hiyo, nifanyeje? Mzazi asifikiri ya kuwa shauri hili ni la nyimbo za dunia peke yake. Hata vijana wetu wa kaswida, wanaomsifu Mtume (S.A.W.) katika maulidi, hualikwa mbali, hurekodiwa, na sauti zao huuzwa, na mara nyingi huondoka na sahani ya pilau na dua. Dua ni jambo kubwa, na pilau ni sunna ya ukarimu. Lakini nauli ya kurudi nyumbani hailipwi kwa pilau. Ukimwalika mtu kwa ahadi ya kumpa kitu, basi ahadi ni deni, ijapokuwa alichokuja kukifanya ni kumsalia Mtume.

Kwa hiyo twamwambia mzazi: kwanza mfundishe mtoto wako dini yake, ili aijue mipaka ya kila kazi na aitafute halali. Kisha mfundishe kusoma na kuhesabu, ili hati asiisomewe na yule anayetaka kumpunja. Na mfundishe ya kuwa makofi si ujira. Gurumo alipigiwa makofi miaka 53.

Na kwa nyumba zetu sote, twapendekeza mambo machache ambayo hayamshindi mtu. Ukiwa na shughuli, na ukaita kikundi, iwe cha kaswida, cha taarabu au cha ngoma, patana nacho kabla, yaandikeni mapatano hata kwa mistari mitatu, na uyalipe kabla wageni hawajatawanyika. Ukiupenda wimbo au filamu, inunue kwa mwenyewe au kwa aliyeruhusiwa naye. Kama huna fedha, subiri, kwani hapana aliyekufa kwa kukosa wimbo. Mwenye duka, mwenye hoteli na mwenye basi, ambao muziki huwaletea wateja, na waulize ada iliyowekwa kisheria na wailipe, waihesabu kama wanavyoihesabu kodi ya nyumba. Mwenye kuandika mkataba na msanii na amsomee, na amwache aende nao nyumbani akautazame na jamaa zake. Na ukisikia ya kuwa mzee aliyekutumbuiza ujanani mwako yu mgonjwa, mwendee akiwa hai. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu mwenzake, na shilingi elfu tano iliyotiwa mkononi mwake kitandani yamfaa kuliko kusukumana kuligusa jeneza lake.

Ama hawa waliokwisha kutangulia, mlango haukufungwa. Tuwaombee maghufira wale walio Waislamu, kwani dua ya aliye hai humfikia maiti. Tuwataje kwa wema. Tusizifanye aibu zao kuwa mazungumzo ya barazani, ilhali nyimbo zao na vichekesho vyao tungali twavifaidi. Na mwenye kujua ya kuwa alifanya biashara kwa kazi ya mmoja wao bila ya kumpa haki yake, warithi wake wapo. Na awaone leo, maana kesho malipo hayatakuwa kwa shilingi. Siku hiyo, kama tulivyofundishwa, mwenye deni hulipa kwa mema yake, na yakiisha hubebeshwa maovu ya aliyemdhulumu.

Basi ndugu zetu, mara nyingine mtakapokuwa makaburini, na jamaa wa maiti akasimama kulitoa lile tangazo, msilisikilize nusu. Wajitokezapo wenye kudai, tuwashukuru kwa kusema kweli. Na itajwapo nusu ya pili, kila mmoja na ajiulize moyoni kabla jeneza halijainuliwa: je, huyu alinifanyia kazi? Je, nilimlipa?

Mwenyezi Mungu awarehemu wafu wetu, awafunike kwa rehema zake, na atusaidie sisi tulio hai kulipa tunayodaiwa kabla hatujadaiwa mbele yake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.